Sindano ya Moshi

Damari binti Yohana alikuwa na miaka minane alipoanza kubeba kienge cha baba yake. Kienge ni fungu la magome makavu lililofungwa kwa kamba ya mti. Halitoi ndimi za moto, linafuka moshi tu, na ndio unaowalegeza nyuki mtu apate kuvuna asali. Huko Rungwa kazi hiyo ilikuwa ya watoto wa kiume. Lakini Yohana alizaa mabinti wanne mfululizo, na mizinga yake sitini ilikuwa juu ya miti ikimngoja, haikujali kazaa nini. Akamchukua huyu wa tatu kwa sababu ndiye aliyekuwa haogopi kitu, wala hanyamazi.

"Kunyamaza utajifunza leo," alimwambia siku ya kwanza. Na kweli alimfundisha. Unapuliza moshi kwenye mdomo wa mzinga, unarudi nyuma, unasubiri. Saa hawakuwa nayo, basi Yohana alipima kwa sala: Baba Yetu tatu, za polepole.

"Si zile unazosali mbele ya chakula ukiwa na njaa," alisema. "Za polepole. Ukiingiza mkono kabla, moshi haujafika ndani, umewaudhi bure. Halafu sikiliza. Nyuki wakiwa macho wanalia sauti nyembamba. Wakilegea wanalia nzito. Ukisikia nzito, niambie tayari. Ukisikia nyembamba, niambie bado."

Miaka kumi Damari alisimama chini ya miti akisema bado. Yohana, mtu mzima mwenye ndevu, alikaa juu ya tawi mkono hewani, akimngoja mtoto wake atoe ruhusa. Hakuumwa vibaya hata mara moja mwaka mzima, na wenzake waliomcheka kwa kutembea na binti walikuwa wanarudi porini nyuso zimevimba kama maandazi.

Kisha Damari akaolewa, na kienge kikaishia hapo. Mume, Melkizedeki Ntandu, alikuwa Mnyaturu aliyeshuka huko na ng'ombe wake kutafuta malisho, akanogewa na asali, akabaki. Mtu mpole, mrefu, mkaidi kama mlango uliovimba kwa mvua. Kwao mwanamke hasogelei mzinga. Kuchuja asali ruksa, kuyeyusha nta ruksa, kubeba debe kichwani maili kumi ruksa kabisa. Kusogelea mzinga, hapana. Damari alibishana mwaka wa kwanza, akabishana wa pili, wa tatu akazaa Samweli, akapata mengine ya kubishania.

Ilipofika Operesheni Vijiji, mwaka sabini na nne, walihamishwa pamoja na wengine wakaletwa Mitundu, nyumba zikapangwa kwa mistari kama madawati. Damari alikuwa na darasa la nne la misheni, basi kijiji kikampa ubao na chaki awafundishe watu wazima kusoma. Hapo ulimi wake ukapata kazi halali. Wazee waliokuwa wanaogopwa na wake zao walikuwa wanamwogopa yeye kwa sababu ya herufi "ng'". Melkizedeki hakuja darasani. Alisema mizinga yake haina maandishi. Kila baada ya wiki mbili alitembea siku nzima kurudi porini kuiangalia, akarudi na harufu ya moshi kwenye shati, na Damari alilifua shati hilo polepole, kwa sababu harufu ile ilikuwa ya baba yake.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, mkojo wa Melkizedeki ukakataa.

Haukukataa ghafla. Ulianza kwa kuchelewa. Alikuwa akienda nyuma ya nyumba anasimama hadi mbuzi wanamzoea. Damari alimwuliza, akajibiwa kwamba anatazama mawingu. Siku mawingu yalipokwisha, tumbo lilijaa likawa gumu kama ngoma, na mzee akawa anatembea amejikunja, jasho linamtiririka asubuhi ya baridi. Wakapanda lori la pamba hadi hospitali ya misheni, nusu siku ya mashimo, na kila shimo Melkizedeki alilitaja jina lake kwa Kinyaturu, na hayakuwa majina ya kuandikwa.

Hospitalini walimwingizia mpira, mkojo ukatoka lita mbili, na mzee akalia kwa raha. Mpira ukabaki humo, mwisho wake kwenye chupa tupu ya maji ya dripu, akaambiwa atembee nayo. Tabibu, kijana wa Kimanda aitwaye Paskali, mwenye saa ya mkono na haraka ya kulingana nayo, akawaeleza. Kuna tezi shingoni mwa kibofu, wanaume wote wanayo. Kwa wazee huvimba. Uvimbe mwingine ni wa uzee tu, daktari anaukata, mpira unatoka, mtu anarudi kwenye shughuli zake. Mwingine ni mbaya, una dawa nyingine. Kujua ni upi, lazima ichukuliwe nyama kidogo kwa sindano ndefu, ipelekwe Dar es Salaam ikapimwe.

"Sindano hiyo inapitia wapi?" Melkizedeki aliuliza.

Paskali akaonyesha kwa kidole, hewani, chini ya meza. Mzee akatazama pembeni.

Daktari Mzungu alikuja hospitali ile mara moja kwa mwezi, na siku yake ilikuwa kesho. Kesho yake Damari akaachwa kwenye benchi la nje, mlango ukafungwa. Aliketi na kikapu chake mapajani. Akasikia sauti ya Paskali ikisema maneno, sauti ya mume wake ikisema hapana, tena hapana, tena hapana kwa nguvu. Kisha akasikia kitu ambacho katika miaka ishirini na minane hakuwahi kusikia. Melkizedeki, ambaye jandoni alikatwa bila kupepesa jicho na wazee wakasimulia mpaka mvua mbili zilizofuata, alipiga yowe. Na baada ya yowe, kishindo cha sinia kuanguka.

Paskali alitoka na mikono imelowa. "Hakutulia, mama. Karuka. Tumepata damu tu, nyama hakuna. Mwezi ujao mrudi. Na mpira huo lazima ubadilishwe mwezi ujao, usizidi. Ukizidi utaoza humo humo na homa itampeleka."

"Si kuna dawa ya kuzuia uchungu?"

"Ipo. Kaikataa mwenyewe. Kasema bora uchungu." Akatazama saa yake. "Wapo wanaovumilia."

Safari ya kurudi mzee hakuyataja mashimo hata moja. Alifika nyumbani, akalala ubavu, akasema na ukuta: "Sirudi kule."

Siku zikaanza kuhesabiwa. Damari alizichora kwa chaki nyuma ya mlango, ili azione yeye na azione mkaidi. Melkizedeki alizoea chupa yake. Aliiweka kwenye kikapu, akaifunika kitambaa, akaenda nayo mkutano wa kijiji kama mtu aliyetoka dukani. Jirani yao Stefano, mwanamume wa maneno mengi na shamba dogo, alimwita mbele ya watu: "Mzee Ntandu, naona siku hizi hukosi mafuta ya taa! Nikopeshe basi kikombe!"

Watu wakacheka. Melkizedeki akacheka pia, akarudi nyumbani mapema, na hakwenda mkutano mwingine.

Porini hakwenda pia. Mizinga ilikaa wiki tatu, ya nne, hakuna aliyeiona. Mtu hawezi kupanda mti na chupa. Hilo ndilo lililomuuma Damari kuliko homa iliyokuwa inakuja: kumwona ameketi kizingitini ananusa upepo wa kusini, anajua kabisa huko mti gani umechanua, na hasemi kitu.

Alijaribu njia zake zote. Alimsihi, hakuitika. Alimtukana kwa heshima, hakuitika. Alimwandikia Samweli, aliyekuwa kiwandani Mwanza. Samweli akajibu barua ndefu ya kumwomba baba akatibiwe, Damari akaisoma kwa sauti mara mbili, na Melkizedeki akasema mtoto ana mwandiko mzuri.

"Unaogopa sindano wewe? Wewe?"

"Siogopi sindano."

"Unaogopa nini basi?"

Akageukia ukuta. Ukuta ule ulisikia mengi mwezi huo kuliko mke.

Siku ya ishirini na moja ya chaki, bwana mifugo alifika kijijini na lile koleo lake kubwa la kuhasi. Walikuwa na fahali mmoja mchanga, mkorofi, aliyepaswa kuwa maksai wa kukokota jembe. Kwa kawaida Melkizedeki ndiye aliyekuwa anashika pembe. Siku hiyo alipoliona koleo tu alinyanyuka, akachukua kikapu chake cha chupa, akaingia ndani akafunga mlango. Damari akamshika fahali mwenyewe, na Stefano akashika mkia, kwa kuwa mkia haupigi pembe.

Bwana mifugo akabana. Fahali akaguna, akatetemeka, akasimama. Hakuna damu iliyotoka.

"Mbona hukati?" Stefano aliuliza.

"Hakuna haja ya kukata. Nikibana hivi, hapa chini panakufa. Mshipa ukishakufa basi, hana ufahali tena. Mpe wiki chache, atakuwa mpole kama shemeji yako."

Stefano akacheka hadi akaachia mkia. Damari hakucheka. Alikuwa ameshika pembe, lakini masikio yake yalikuwa kwenye benchi la hospitali, na neno lile lilikuwa limemsimamia kichwani kama mtu aliyekuja kudai. Hapa chini panakufa.

Akaachia pembe, akaenda akafungua mlango.

"Baba Samweli. Kule hospitali, yule tabibu alikuambia nini kabla ya sindano?"

Mzee akavuta kitambaa juu ya chupa yake.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, halafu nakwenda kumwuliza Stefano anavyodhani."

Hilo lilimwinua. Akajibu akiangalia miguu yake. "Alisema atanichoma sindano ya kwanza, hapa chini patakufa. Halafu ndiyo watachukua nyama." Akakivuta kikapu karibu. "Nikamwambia usiniue. Nitoboe hivyo hivyo, lakini usiniue. Mimi si ng'ombe, Mama Samweli."

Damari alikaa chini. Alitaka kucheka, asiweze. Mwanamume huyu alikuwa ametobolewa akiwa macho, nyama hai, katika sehemu ambayo hata nzi akitua unaruka, kwa ajili ya neno moja la kijana mwenye haraka. Na alikuwa tayari kuoza na mpira wake kuliko kurudi kuhasiwa. Na hakumwambia, kwa sababu mtu atamwambiaje mkewe jambo kama hilo?

"Kufa ganzi," alisema. "Alitaka kusema patakufa ganzi. Kama mguu ukiukalia."

"Hakusema ganzi."

"Ameruka neno. Ana haraka, anaruka maneno."

"Kufa ni kufa. Umemwona fahali pale nje. Ukimwuliza atakuambia alikuwa na ganzi?"

Damari akalitazama shati la mumewe lililoning'inia kwenye msumari, lile la porini, safi tangu mwezi uliopita, halina harufu tena.

"Nyuki ukiwapiga moshi wanakufa?"

"Mambo ya nyuki usinifundishe."

"Nani kakufundisha? Nimeuliza swali. Wanakufa?"

"Hawafi. Wanalegea."

"Halafu?"

"Halafu wanaamka."

"Wakiamka wamesahau kuuma?"

Melkizedeki akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu lori la pamba. "Wanauma kuliko mwanzo."

"Basi sindano ile ya kwanza ni kienge," Damari alisema. "Ni moshi tu. Palipopigwa panalegea, hapasikii, daktari anaingiza mkono wake anachukua asali yake anaondoka. Baadaye panaamka. Pameamka na ukorofi wake wote, kama pana ukorofi uliobaki, maana mimi ndiye ninayejua."

"Mama Samweli!"

"Umenichokoza mwenyewe."

Nje fahali aliguna tena. Mzee akasema, "Nitakwenda. Ila na wewe uingie ndani. Ukiliona koleo, piga kelele."

Siku ya ishirini na nane homa ilikuwa imeshaanza, ya jioni jioni, na maji ya chupani yamekuwa na mawingu. Walipanda lori. Paskali alipomwona Damari amemfuata mumewe hadi mlangoni mwa chumba cha daktari, alinyoosha mkono.

"Shikamoo mama. Wewe subiri pale benchi. Chumba hiki ni cha wanaume."

"Marahaba. Mwezi mzima nimemwosha mimi, mpira huo nimeufunga na kuufungua mimi. Kuna nini huko chini ambacho sikijui?"

"Ni utaratibu, mama."

"Utaratibu wenu mwezi uliopita uliangusha sinia."

Daktari, mzee mwembamba mwenye macho mekundu kwa vumbi la safari, aliuliza kwa Kizungu kuna nini. Paskali akamweleza kwa maneno machache kuliko yaliyosemwa. Daktari akamtazama Damari, akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "Mama kaa kwa kichwa." Akawekewa kiti upande wa kichwa cha mumewe.

Kwanza Damari alikagua. Alitazama meza, alitazama sinia, alitazama chini ya meza. Akainamia sikio la Melkizedeki. "Koleo halipo."

Wakamlaza chali, wakamwinua miguu, wakaifunika kwa shuka, daktari akaketi upande wa pili. Mzee alifumba macho. Paskali akasema, "Haya, mzee, sindano ya kwanza ni ndogo. Hapa chini pata—"

"Patalala," Damari alisema.

Paskali akamtazama.

"Sema patalala. Patalala, halafu pataamka. Hujui ulisema nini mwezi uliopita."

Kijana alikuwa na haraka lakini hakuwa mjinga. Aliyatazama macho ya mzee yaliyokuwa yamefumbuka ghafla, akaona kitu ndani yake. Akasema taratibu zaidi, "Patalala, mzee. Pataamka baada ya saa moja au mbili."

Sindano ndogo ikaingia, Melkizedeki akauma meno, akabana mkono wa mkewe hadi pete ikamkata. Ikaingia pembeni kidogo, kisha ndani zaidi. "Nyuki watatu," alinong'ona. "Wadogo." Daktari akaiweka chini ile ndogo, na palepale akainyanyua ile ndefu. Nje kwenye benchi walikuwa wamekaa watu kumi na moja, na yeye alitakiwa kuondoka kabla ya mvua kuikata njia.

"Bado," Damari alisema.

Neno lilimtoka kabla hajalifikiri, kwa sauti ileile ya chini ya miti, na mkono wa daktari ukasimama hewani kama wa Yohana.

"Mama," Paskali alisema, "hapa si sokoni."

"Umepuliza moshi sasa hivi. Moshi haujafika ndani. Ukiingiza mkono sasa utaumwa wewe, na yeye, na sinia lile. Baba Yetu tatu."

"Baba Yetu tatu nini?"

"Ndiyo kipimo. Za polepole."

Daktari akauliza tena. Safari hii Paskali alitafsiri kwa kirefu. Damari alisikia neno moja la Kizungu likirudi mara mbili, akaona daktari anatazama saa ya ukutani, kisha anatazama ile sindano ndefu mkononi mwake. Shingo yake ikawa nyekundu. Labda alijua. Mtu aliyesoma miaka yote hiyo lazima alikuwa anajua. Ila foleni ilikuwa ndefu, na wazee wa huku hawasemi. Akairudisha sindano kwenye sinia taratibu, ikagonga bati.

"Mama kusali," alisema.

Damari akaanza. Alisali kama alivyofundishwa, kila neno na nafasi yake, na alipofika kwenye mkate wa kila siku Melkizedeki akajiunga, miguu juu, macho darini, na ya pili Paskali naye akajikuta midomo yake inacheza. Mtu angefungua mlango asingeamini. Ya tatu ilipokuwa nusu, Damari akanyamaza akasikiliza. Kulikuwa hakuna mzinga wa kusikiliza, basi alisikiliza pumzi ya mumewe. Ilikuwa nyembamba, ikashuka, ikawa nzito. Akamalizia sala.

"Mjaribu kwanza," alisema.

Daktari akagusa kwa ncha. "Mzee, unasikia?"

"Nasikia mtu anabisha hodi," Melkizedeki alisema baada ya kufikiri. "Lakini ni nyumba ya pili."

"Tayari," Damari alisema.

Ile kazi yenyewe haikuchukua muda wa sala moja. Daktari alitangulia na kidole, kwa njia nyingine ambayo moshi haukufika, na hapo Melkizedeki aligeuza uso akamwambia mkewe kwa Kinyaturu jambo kuhusu Wazungu na vidole vyao. Kisha sindano ndefu ikapita. Alikunja kipaji, akasema, "Kuna kitu kinasukuma. Kinasukuma tu." Ikapita mara ya pili. Mkono wake ndani ya mkono wa Damari ulikuwa umelegea, na alikuwa anatazama utando wa buibui darini akiuliza kwa nini masista hawaufagii.

"Mtaanza lini?" aliuliza.

"Tumemaliza, mzee," Paskali alisema.

Akamwonyesha Damari kichupa. Ndani ya maji kulikuwa na nyuzi mbili nyeupe, nyembamba, kama nyama inayobaki menoni baada ya sikukuu. Kwa hizo mtu alikuwa amepiga yowe, akalala na ukuta mwezi mzima. Damari akakitazama kichupa, akasoma karatasi iliyobandikwa.

"Umeandika Melkiori."

"Ndiyo jina lake."

"Melkizedeki. Z, e, d, e, k, i. Huyo Melkiori mwache apimwe nyama yake mwenyewe."

Paskali akachukua kalamu akaandika upya, taratibu, na hakutazama saa.

Mpira ukabadilishwa, akapewa dawa ya homa, wakarudi. Saa mbili zilipotimia walikuwa bado kwenye lori, na Melkizedeki akainuka kidogo kwenye gunia alilokalia, akasema kwa mshangao mkubwa, "Pameamka!" Abiria wakageuka. Kwenye shimo lililofuata pakamuuma sawasawa, akalitaja shimo jina lake. Siku mbili alitoa mkojo wenye damu kidogo, wakaogopa, lakini waliambiwa mapema itakuwa hivyo, na ikakoma.

Majibu kutoka Dar es Salaam yalichukua wiki sita, na katikati mpira ukabadilishwa tena. Damari ndiye aliyeyapokea, akaisoma karatasi akiwa amesimama dirishani kwa Paskali, na maneno aliyoweza kuyasoma hakuyaelewa, na aliyotaka kuyaelewa hayakuwa kwa Kiswahili. Akairudisha kwa tabibu.

"Ni uzee, mama," Paskali alisema. "Uvimbe wa uzee tu. Hakuna kibaya humo. Daktari ataukata mwezi ujao, mpira utoke."

Damari akamshukuru, akaenda nyuma ya jiko la hospitali ambako hakuna mtu, akalia kidogo na upesi, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akarudi kumwambia mumewe kwamba hana ugonjwa wa maana, ni kizee tu.

Alikatwa, akapona. Siku aliyokwenda kutolewa nyuzi, Damari akiwa benchini alimsikia Paskali ndani ya kile chumba akisema na mzee mwingine, mgeni kutoka upande wa Ikungi: "Patalala, mzee, hapafi. Ni moshi. Sasa tunasubiri kidogo." Damari akarekebisha kikapu mapajani, akatazama mbele.

Mvua zilipokwisha, Melkizedeki alivaa shati lake la porini. Akachukua kamba, kisu, debe. Akasimama mlangoni bila kutoka, hadi Damari akamwuliza kama mawingu yamerudi.

"Kienge," mzee alisema. "Nani atabeba?"

"Umekibeba mwenyewe miaka ishirini na minane."

"Na nimeumwa miaka ishirini na minane. Nasubiri kwa kukisia." Akakuna shingo. "Baba yako alikuwa haumwi. Watu wanasema mpaka leo."

Damari akamtazama. Kisha akaliacha jungu motoni bila maelezo, akatia kanga ya pili kiunoni.

Walitembea siku nzima, wakalala kwenye kibanda chake cha zamani, na asubuhi wakafika mti wa kwanza. Damari akawasha magome, akayapuliza mpaka yakafuka sawasawa. Melkizedeki akapanda, mzee wa miaka sitini na moja, anapumua kwa kelele, akafukiza mdomo wa mzinga, akashuka tawi moja kusubiri. Kisha akashuka matawi mengine yote. Akaenda nyuma ya mti wa jirani.

Damari akasikiliza mzinga, akiwa anasali polepole. Nyuki walikuwa bado wanalia nyembamba. Na nyuma ya mti ule alisikia sauti nyingine, maji yanayoanguka juu ya majani makavu, kwa nguvu, bila kukatika, Baba Yetu moja nzima na nusu ya pili.

"Tayari?" Melkizedeki aliita kutoka huko, anafunga kamba ya suruali.

"Bado," Damari alisema.